Unataka kutafiti hewa za sayari nyingine? Jibu langu refu

Marahaba mdogo wangu. Umeniandikia kwamba una miaka 26, una digrii ya fizikia, sahivi unafanya kazi ya kuchambua data kwenye kampuni, na kila usiku unasoma habari za darubini ya James Webb mpaka usingizi unakukimbia. Unataka kujua vitu vitatu: kazi ya kutafiti angahewa za sayari nyingine ikoje hasa siku kwa siku, je umeshachelewa, na je kuna ajira mbele au mtu anamaliza miaka kumi alafu anabaki mikono mitupu. Nitakujibu yote matatu, ila la kwanza nitakaa nalo sana maana ndo lenye uzito, ukishalielewa hayo mengine mawili utayapima mwenyewe.

Watu wengi wanadhani kazi yetu ni kuangalia sayari. Sayari hatuioni. Kwa hizi za nje ya mfumo wa Jua, karibu zote tunazozichunguza, tunachokiona ni nyota tu, nukta moja ya mwanga, na sayari ikipita mbele yake ule mwanga unapungua kidogo kwa saa kadhaa alafu unarudi kama ulivyokuwa, basi. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua inaziba kama asilimia 1 ya mwanga. Dunia yetu ingeziba sehemu 84 tu katika milioni. Na hapo bado hatujaigusa hewa, hilo ni gimba zima la sayari. Hewa yenyewe ni utando mwembamba pembeni, na ule mwanga wa nyota unaopenya kwenye utando ndo unaobeba habari, kwa sababu kila gesi ina rangi zake inazozimeza, mvuke wa maji unameza huku, methani kule, hewa ukaa kwingine. Kwahiyo tunapima rangi moja moja: kwenye rangi hii sayari imeonekana kubwa kidogo, kwenye ile imeonekana ndogo kidogo, na hiyo tofauti ukiichora kwenye grafu ndo spektra yenyewe. Tofauti ndogo kiasi hicho ndo tunaitumia kusema kule juu kuna nini.

Sasa sikia, hili ndo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kutoa. Unatoa tabia za nyota, unatoa tabia za kifaa, unatoa joto la darubini, unatoa pikseli mbovu, unatoa kila kitu kinachojifanya hewa ya sayari na sio, alafu kinachobaki, kama kuna kilichobaki, ndo una ruhusa ya kukisemea. Mtu anayependa ule utoaji wenyewe, anayeweza kukaa siku tatu na kosa moja bila kukasirika, huyo atadumu. Anayependa tangazo la mwisho tu atachoka mapema sana, na nimewaona wengi wenye akili kubwa wakichoka.

Nikupe mfano wangu. Nikiwa mwanafunzi nilikabidhiwa data za sayari moja zilizopimwa na darubini ya Hubble, na baada ya wiki nyingi za kuandika kodi nikaona kibonge kwenye grafu karibu na mikromita 1.4 (mikromita ndo kipimo tunachotumia kutaja rangi za mwanga), palepale ambapo mvuke wa maji unatakiwa kuonekana. Ilikuwa usiku, taa za ofisi zimeshazimwa, nimebaki na mwanga wa skrini, nikawa naikuza ile grafu na kuirudisha, naikuza na kuirudisha, naamini kabisa kwamba mimi ndo mtu wa kwanza kujua kuna maji kule. Kesho yake nikamwonyesha msimamizi wangu. Akaiangalia muda mrefu bila kusema kitu, alafu akaniuliza: ile picha ghafi umewahi kuifungua ukaiangalia kwa macho yako? Sikuwahi, nilikuwa naipitisha tu kwenye programu. Tukaifungua. Kile kisanduku nilichochora cha kupimia mwanga wa nyuma, ule unaotakiwa kuondolewa, kilikuwa kimeikanyaga nyota nyingine hafifu isiyohusika, kwahiyo kwenye rangi zile nilikuwa natoa mwanga kupita kiasi, na ukipunguza mwanga wa nyota zaidi ya inavyotakiwa, sayari inaonekana kama imeziba zaidi. Tukasogeza kisanduku, kibonge kikashuka mpaka ukawa huwezi kukitofautisha na kelele. Miezi minne ya kazi iliishia pale. Niliumia, sitakudanganya, ila toka siku hiyo sijachambua data yoyote bila kufungua kwanza picha ghafi moja baada ya nyingine, na mwanafunzi wangu akiniletea matokeo hilo ndo swali langu la kwanza kwake.

Na usifikiri ni mambo ya wanafunzi peke yao. Nyota tunazozipenda sana ni vibete vyekundu, nyota ndogo za baridi, sababu nyota ikiwa ndogo sayari inaziba sehemu kubwa zaidi ya mwanga. TRAPPIST-1 ni moja ya hizo, upana wake unauzidi wa Mshtarii kidogo tu, iko umbali wa miaka-nuru kama 40, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba ina sayari saba zenye ukubwa wa kukaribiana na Dunia. Tatizo ni kwamba nyota za namna hii zina madoa, na kwenye madoa kunakuwa na ubaridi kiasi kwamba mvuke wa maji unaweza kukaa kwenye nyota yenyewe, hata kwenye madoa ya Jua letu mvuke wa maji umeshapimwa. Kwahiyo unaona maji, sawa, ni ya nani? Ya sayari au ya nyota? Mwaka 2023 watafiti waliotumia James Webb kwa sayari ya mawe inayoitwa GJ 486 b walikutana na swali hilohilo, wakaandika wazi kwamba dalili ya maji ipo, inaweza kuwa hewa ya sayari na inaweza kuwa madoa ya nyota, data walizonazo hazitoshi kuamua. Mimi naiheshimu sana pepa ya namna hiyo. Kuandika "hatuwezi kuamua" wakati dunia nzima inasubiri uandike "maji" kunahitaji moyo mgumu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, Zuhura. Septemba 2020 kundi lililoongozwa na Jane Greaves lilitangaza kuona gesi ya fosfini kwenye mawingu ya Zuhura, na fosfini hapa duniani inahusishwa na vijidudu, unaweza kufikiria kelele iliyofuata. Wengine wakazichukua data zilezile wakazichambua upya, upimaji wa darubini ukarekebishwa, dalili ikapungua nguvu, wengine wakasema huo mstari unaweza kuwa wa dioksidi ya salfa ambayo tunajua iko kule kwa wingi, na mjadala mpaka leo haujafungwa. Vilevile K2-18 b, sayari iliyo miaka-nuru 124 kutoka hapa: mwaka 2023 methani na hewa ukaa vilitangazwa, pamoja na dokezo la gesi moja ya salfa ambayo baharini kwetu inatokana na viumbe, mwaka 2025 timu hiyo ikarudi na dokezo hilo kwa nguvu zaidi, na makundi mengine yalipopitia data zilezile yakasema hayashawishiki. Sikwambii haya ili uwaone hao watu ni wabaya. Ni watafiti wa kweli na walifanya jambo la maana kuweka data zao mezani. Nakwambia ili ujue hapa ndipo utakapoishi, kwenye mpaka kati ya kitu kipo na kitu hakipo, na utaishi hapo miaka.

Ila kuna siku ambazo kitu kipo. Darubini ya James Webb iliporushwa tarehe 25 Desemba 2021, ikaenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani na kioo chake cha mita 6.5, moja ya sayari za mwanzo kupimwa ilikuwa WASP-39 b, ina uzito wa kukaribiana na Zohali lakini imevimba kuliko hata Mshtarii, ina joto la nyuzi kama 900 na inamaliza mzunguko kwa siku nne hivi. Agosti 2022 matokeo ya kwanza yakatoka na pale karibu na mikromita 4.3 kukawa na mlima wa hewa ukaa, mkubwa, msafi, hauhitaji kubishana, ilikuwa mara ya kwanza hewa ukaa kuonekana bila shaka kwenye sayari ya nje. Kilichonigusa mimi sio huo mlima. Pembeni yake, karibu na mikromita 4, kulikuwa na kibonge kidogo ambacho hakikuwemo kwenye hesabu za mwanzo za watu. Ingekuwa rahisi kukifuta na kusema ni kelele. Hawakukifuta. Makundi tofauti yakachambua kila moja kwa njia yake na kila wakirudi kibonge kiko palepale, ndo wakaanza kujiuliza ni gesi gani inameza pale, mpaka ikajulikana ni dioksidi ya salfa, na Shang-Min Tsai na wenzake wakaonyesha inavyotengenezwa: mwanga mkali wa nyota unavunja molekuli za maji, vipande vyake vinaishambulia ile gesi ya salfa inayonuka kama yai bovu, na mwisho wa mlolongo inatoka dioksidi ya salfa. Yaani tuliona kemia inayoendeshwa na mwanga ikifanya kazi kwenye hewa ya sayari iliyo miaka-nuru 700 mbali. Kemia ya aina hiyohiyo, mwanga kuvunja molekuli, ndo inatengeneza ozoni juu ya vichwa vyetu.

Unaona utoaji ulivyolipa hapo? Kibonge changu kilikufa kwa sababu kilitegemea kisanduku kimoja, chao kilipona kwa sababu kila mtu alijaribu kukiua akashindwa.

Sasa kabla hujafikiria chuo wala skolashipu, chukua kalamu na karatasi leo usiku ufanye hesabu moja. Kuna urefu ambao ukiupanda hewa inakuwa nyembamba kwa kama mara 2.7, sisi tunauita kimo cha hewa na tunautumia kila siku. Chukua 8.314, zidisha kwa joto la hewa kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273), alafu gawanya kwa uzito wa moli moja ya hewa hiyo kwa kilo ukizidisha na mvutano wa sayari. Anza na Dunia: joto 288, uzito 0.029, mvutano 9.8, utapata kama kilomita 8.4. Nenda Titani, mwezi wa Zohali, huko hewa ni ya nitrojeni kama kwetu ila baridi ni kelvini 94 na mvutano ni 1.35 tu: inatoka kama kilomita 20. Kumbuka Titani ni kijimwezi, ila hewa yake imenyooka juu kuliko ya Dunia. Malizia na HD 209458 b, sayari ya gesi iliyobandikwa karibu na nyota yake, joto kelvini kama 1450, hewa ya haidrojeni na heliamu yenye uzito wa 0.0023, mvutano haupishani sana na wetu. Utapata zaidi ya kilomita 500.

Iangalie hiyo namba ya mwisho vizuri. Ndo inakwambia kwanini hewa ya kwanza kupimwa nje ya mfumo wa Jua ilikuwa ya sayari hiyo na sio ya sayari kama yetu. Sara Seager na Dimitar Sasselov walikaa na hesabu za namna hii wakatabiri mwaka 2000 kwamba sodiamu ingeweza kuonekana kwenye sayari za aina hiyo, na mwaka 2002 David Charbonneau na wenzake wakachapisha wakiwa wameiona kwa Hubble, dalili ya kama sehemu 2 katika 10,000, na ilikuwa ndogo kuliko ilivyotabiriwa. Wakati ule hakuna darubini iliyokuwa imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kama ulipofanya ile hesabu ya Titani umesisimka kidogo, ukataka kujaribu na Mirihi na Zuhura bila kuambiwa, endelea kunisoma. Kama umeiona kama homuwek, pengine unachokipenda ni picha za anga, na hilo nalo ni pendo zuri tu, ila halihitaji PhD.

Kuhusu siku zenyewe zinavyokwenda. Asubuhi naangalia pepa mpya kwenye arXiv, tovuti ambayo watafiti wanaweka pepa zao, huko kila kitu ni bure kwa yeyote. Alafu ni kodi, kodi, kodi, Python kwa sehemu kubwa. Kuna kitu tunafanya ambacho wewe wa data utakielewa haraka: tunatengeneza mamia ya maelfu ya hewa za kubuni kwenye kompyuta, kila moja na joto lake na gesi zake na mawingu yake, tunauliza ni zipi zinaendana na spektra tuliyopima, na jibu halitoki namba moja, linatoka wingu la uwezekano. Mikutano ipo, kusimamia wanafunzi kupo, kujibu maswali ya wahakiki wa majarida kupo na kunakula muda. Kuna na msimu wa kuomba muda wa darubini, huo ni mchakamchaka. Kwa msimu wa nne wa maombi ya James Webb yaliwasilishwa maombi zaidi ya 2,300 na saa zilizoombwa zilikuwa karibu mara tisa ya saa zilizokuwepo, kwahiyo ukinyimwa usijione mjinga, wengi wazuri wananyimwa. Kitu kimoja cha kutia moyo: wanaohakiki hayo maombi hawaoni majina, hawajui nani kaandika wala anatoka chuo gani. Mwanafunzi anaweza kumshinda profesa, na imetokea.

Umeniuliza kama lazima uwe mwanaastronomia. Hapana, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu naona watu wanajinyima milango. Hii fani imejengwa na watu waliotoka kila upande. Kuna wanakemia ambao maisha yao yote wanahesabu na kupima ni rangi zipi molekuli fulani inameza kwenye joto fulani, kama wale wa mradi wa ExoMol wa University College London, bila orodha zao sisi wengine tungekuwa tunaangalia vibonge bila kujua majina yake. Kuna watu wa hali ya hewa waliochukua modeli zinazotabiri mvua na upepo wa Dunia wakazigeuza ziendeshe upepo wa sayari ambayo upande mmoja ni mchana milele. Kuna wanajiolojia, sababu hewa ya sayari ya mawe inatoka kwenye volkano zake na inaliwa na miamba yake. Kuna wahandisi wa vifaa. Na kuna watu wa takwimu, ambao nawaambia ukweli tunawahitaji kuliko tunavyokiri.

Ila jambo moja naliona linakosekana kwa vijana wengi wanaoingia sahivi: wanajua sayari za mbali hamsini kwa majina na hawajui Zuhura ina nini. Tafadhali usiwe hivyo. Zuhura ina hewa ukaa asilimia 96, mgandamizo kama mara 92 wa kwetu, joto nyuzi 465 hivi, mawingu ya asidi ya salfa, na ina ukubwa unaokaribiana kabisa na Dunia, maana yake ukiitazama kwa mbali kwa ukubwa na uzito peke yake ungesema hizi ni pacha. Mirihi hewa yake ni aina ileile ya gesi lakini mgandamizo haufiki hata asilimia 1 ya wetu. Na Mshtarii ina somo ambalo namsimulia kila mwanafunzi: tarehe 7 Desemba 1995 kipimo kilichobebwa na chombo cha Galileo kilizama kwenye hewa yake, kikatuma data kwa muda usiofika saa nzima kabla hakijazidiwa na joto na mgandamizo, na kikakuta maji machache kuliko ilivyotarajiwa. Watu wakaumiza vichwa. Kumbe kilikuwa kimedondokea kwenye eneo kavu, kama mtu aletwe Duniani mara moja tu na ashushwe katikati ya jangwa. Ilibidi kusubiri mpaka chombo cha Juno, na mwaka 2020 matokeo yake ya eneo la ikweta yakaonyesha maji ni kama asilimia 0.25 ya molekuli. Kipimo cha mwaka 1995 hakikukosea hata kidogo. Kilipima sawasawa mahali pasipowakilisha sayari nzima, miaka 25 tukakaa na swali. Ukishalielewa hilo kwa sayari ambayo tumeifikia, utakuwa mwangalifu na ile ambayo ni nukta.

Umri. Miaka 26 sio kuchelewa, acha kabisa hiyo hofu. Aomawa Shields aliacha PhD yake ya kwanza ya astronomia, akaenda kusomea uigizaji mpaka shahada ya uzamili, akafanya maisha mengine, alafu akarudi, akamaliza PhD mwaka 2014, na leo ni profesa anayetafiti hali ya hewa ya sayari zinazozunguka vibete vyekundu. Wewe umeondoka kwenye fizikia miaka michache tu na hapo katikati umekuwa ukifanya kazi na data kila siku. Kinachokudai ni kurudisha fizikia yako, hasa ile ya mwanga kupita kwenye gesi na ile ya joto na mgandamizo, na hilo ni suala la miezi ukijipanga.

Ajira sasa, na hapa sitapaka sukari. PhD ni miaka mitatu au minne nchi nyingi za Ulaya, Marekani ni mitano au sita, na mara nyingi unalipwa posho au mshahara wa kuishi, usikubali kujilipia PhD ya sayansi hii kwa hela yako mfukoni. Baada ya hapo inafuata mikataba ya miaka miwili au mitatu, mmoja, wa pili, pengine wa tatu, na kila mkataba unaweza kukuhamisha nchi. Nafasi za kudumu ni chache kuliko watu wenye uwezo wa kuzishika, na wengi hawazipati, sio kwa sababu ya uzembe. Huu uhamaji unaumiza ndoa, unaumiza wazazi wanaozeeka ukiwa mbali, mimi mwenyewe kuna msiba niliuhudhuria kwa simu na sijausahau. Kwahiyo usiingie kwa hesabu ya "nitakuwa profesa". Ingia kwa hesabu ya kwamba ile miaka minne ya kwanza yenyewe unaitaka, hata kama mwisho wake utatoka. Na wanaotoka hawatoki mikono mitupu, nimeona wanafunzi wakienda kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwenye setilaiti za kuchunguza Dunia, kwenye picha za hospitali, maana kutenganisha dalili na kelele ni kilekile popote. Kwa upande mwingine kazi ipo ya kutosha: shirika la anga la Ulaya linatengeneza darubini ya Ariel mahsusi kwa kupima hewa za sayari kama 1,000, kule Chile inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39, na chombo cha Dragonfly kinaandaliwa kwenda kuruka kwenye hewa ya Titani. Data za hivi vitu zitahitaji watu, na watakaokuwa wamemaliza PhD wakati huo ndo wanaoanza sasa.

Kwahiyo ufanye nini. Kazi usiache bado. Jipe miezi sita ya jioni na wikendi. Data za WASP-39 b nilizokutajia ziko wazi kwenye MAST, hifadhi ya mtandaoni ya data za darubini, hazidai ruhsa ya mtu, zilipangwa toka mwanzo ziwe za umma mara tu zikipimwa. Zipakue. Fungua picha ghafi kwanza, unajua kwanini. Alafu jaribu kutengeneza ule mstari wa mwanga unaoshuka na kupanda, kwa rangi zote zikiwa pamoja, usikimbilie spektra. Ukifanikiwa, igawe kwa rangi, uone kama unaupata ule mlima wa mikromita 4.3. Programu za kutengeneza spektra za kubuni zipo bure, petitRADTRANS na TauREx ni mbili kati yake, na kama hutaki kuinstoli kitu NASA wana jenereta ya spektra za sayari inayofanya kazi kwenye brauza. Utakwama. Ukikwama wiki nzima sehemu moja hiyo ndo kazi yenyewe, sio ishara kwamba hufai.

Ukishapata grafu yako, chagua wasimamizi watano au sita ambao pepa zao umezisoma kweli, sio muhtasari tu, uwaandikie kila mmoja barua yake fupi miezi miwili mitatu kabla ya maombi kufungwa, na maombi mengi ya PhD yanafungwa kati ya Desemba na Januari. Usiwaambie ulivyopenda nyota toka utotoni, wanapokea barua hizo kila siku. Waambie ulichofanya na data za WASP-39 b, wapi ulikwama, wapi matokeo yako hayafanani na yaliyochapishwa na unadhani ni kwanini. Ambatanisha grafu moja tu. Iwe na vipimo vyako, na juu ya kila nukta mstari unaoonyesha ukubwa wa shaka yako, maana mimi nikifungua barua ya mwanafunzi hiyo mistari ndo naitazama kwanza.